Divai ya asali imegoma kuchacha: pima kabla hujaongeza hamira

Ndoo ya divai ya asali ikinyamaza kabla ya wakati, ushauri wa kwanza utakaopewa Mwanza nzima, kuanzia Igoma hadi Kirumba, ni kuongeza hamira. Usiongeze kwanza. Hamira uliyotia bado imo humo. Kama imeshindwa kazi, kuna kilichoishinda, na hamira mpya itashindwa na hichohicho.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli imegoma

Mrija wa kutolea gesi kuacha kutoa mapovu si ushahidi. Ndoo zetu za lita 20 mara nyingi hazibani sawasawa, hewa inatokea pembeni ya mfuniko. Ushahidi ni haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha uzito wa divai ukilinganishwa na maji (maji matupu ni 1.000; sukari huupandisha). Chota kidogo, mimina kutoka glasi moja hadi nyingine mara kadhaa ili gesi itoke, kwani mapovu yakishikamana na haidromita huinyanyua na kukudanganya. Soma, andika, rudia baada ya siku 3. Namba zikiwa zilezile, imesimama.

Lakini kusimama si lazima kuwe kugoma. Chukua kipimo cha mwanzo, toa cha sasa, zidisha kwa 131. Utapata asilimia ya kileo kwa makadirio. Ulianza 1.100 na sasa iko 1.010? Hiyo ni karibu asilimia 12, na hamira ya mkate huishia kati ya 8 na 12. Imemaliza kazi yake, una divai yenye utamu kidogo, iache. Ikiwa imekwama 1.050, yaani asilimia 6.5, hapo kweli kuna tatizo. Hukupima mwanzoni? Asali ya kilo 1.3 hadi 1.4 ikichanganywa na maji hadi lita 4 kwa jumla huanzia karibu na 1.100.

Hatua ya 2: Angalia ndoo inakaa wapi

Baridi si adui mkubwa huku kwetu. Adui ni chumba cha bati kisicho na dari: mchana kinaoka, usiku upepo wa ziwani unakipoza. Kuchacha kwenyewe pia huzalisha joto, kwa hiyo ndani ya ndoo huwa na joto kuliko chumbani. Iweke sakafuni, ndani ya beseni la maji, na uizungushie kitambaa kilicholowa. Lenga nyuzi 20 hadi 28.

Hatua ya 3: Ilishe

Hapa ndipo penye sababu ya kesi nyingi. Asali ina sukari tele lakini karibu haina naitrojeni, na hamira bila naitrojeni haizaliani vizuri. Juisi ya zabibu huwa na chakula hicho, asali haina. Ndiyo maana asali ya Tabora iliyochujwa ikang'aa, ile inayopendeza sana kwenye chupa, husumbua kuliko asali ya masega yenye chavua. Wapishi wa wanzuki, pombe ya kienyeji ya asali, wanaotia masega na takataka zake zote wanailisha hamira, wajue wasijue. (Wanzuki pia hunywewa changa ikiwa bado inatoa povu, kwa hiyo wao hawana muda wa kuona ikigoma.)

Dawa iko dukani: hamira ileile ya mkate, ila iliyouawa. Chukua kijiko cha chakula kwa kila lita 5, chemsha kwenye kikombe cha maji kwa dakika 10, ipoe kabisa. Hamira iliyokufa huwa chakula cha iliyo hai. Kabla ya kuimimina, koroga divai taratibu gesi ipungue. Ukitia kitu ghafla kwenye divai iliyojaa gesi, itafoka hadi ukutani. Zabibu kavu chache zinazosifiwa sana hazitoshi. Na mbolea ya urea ya shambani, hata kama ina naitrojeni, isiguse ndoo yako: ikikutana na kileo huweza kutengeneza kemikali ya sumu.

Subiri siku 3, pima tena.

Hatua ya 4: Pima asidi

Divai ya asali huweza kuwa na asidi kupita kiasi, ikaizuia hamira. Karatasi ya pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) ikionyesha chini ya 3.2, tia robo kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda, ile ya kuokea keki, kwa lita 5, kisha upime tena. Usizidishe, chumvi itasikika. Magadi ya kuchemshia maharage na chokaa ya ujenzi, hapana.

Hatua ya 5: Punguza utamu

Ulianzia juu ya 1.120? Sukari yenyewe inaibana hamira. Lita 10 zilizokwama 1.060 ukizitilia lita 2 za maji yaliyochemshwa na kupoa, zinashuka hadi 1.050, na kileo nacho kinapungua. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, lakini wengi wanaiona kama kuharibu asali.

Hatua ya 6: Sasa ndiyo hamira mpya

Usiimwage kavu. Loweka vijiko 2 vya chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu yenye kijiko cha sukari. Ikitoa povu, ongeza nusu kikombe cha divai iliyogoma. Ikifanya povu tena, ongeza kikombe kizima, kisha viwili, ukingoja povu kila mara hadi ufike lita 2. Hapo imezoea kileo. Imimine yote kwenye ndoo. Ukipata hamira ya divai kutoka Dar es Salaam au Nairobi, tumia hiyo, inavumilia kileo zaidi. Usipige divai kwa mwiko kuingiza hewa; hewa ilifaa siku za mwanzo tu, sasa itaiharibu ladha.

Ikikataa hata hapo, inywe ikiwa tamu, lakini usiifunge kwenye chupa za kioo ikakaa kwenye joto. Divai iliyogoma huweza kuamka yenyewe, na chupa hupasuka. Iweke kwenye friji, au kwenye dumu ambalo kifuniko chake hukukibana.