Kukagua macho ya mwenye CD4 ya chini: jeni zinaeleza nini kuhusu CMV, na kazi inaanzia wapi

Chukua wagonjwa wawili wa VVU wenye CD4 30, yaani chembe za kinga 30 tu kwa mikrolita moja ya damu. Wote wanabeba virusi vya CMV (sitomegalovirasi) tangu utotoni, kama ilivyo kwa karibu kila mtu mzima Afrika Mashariki. Mmoja retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, inaliwa hadi anapofuka, mwenzake hapati hata doa. Sehemu ya jibu imo kwenye jeni, na ndiyo maana swali hili huulizwa sana na wagonjwa wenyewe: “Ni ya ukoo wetu?” Mwongozo huu ni wa matabibu na wauguzi wa CTC, kliniki za huduma na tiba ya VVU, wanaotakiwa kujibu swali hilo na, lililo muhimu zaidi, kulifikia jicho kabla halijaharibika.

Tuanze na jeni, maana zikieleweka vibaya zinapoteza muda wa mgonjwa. Kila seli ya mwili huonyesha juu yake protini za HLA, mfano wa kitambulisho, na jeni zake hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. CMV ni mjanja: protini zake US2 na US11 huziburuta HLA ndani ya seli na kuziharibu ili askari wa kinga wasione kilichomo. Seli za NK, askari wengine wa kinga, nazo hukagua kama kitambulisho kipo, kikikosekana, zinaua. Virusi vikajibu kwa UL18, kitambulisho bandia. Mtu aliyerithi HLA na vipokezi vya KIR (ambavyo seli za NK hutumia kusoma kitambulisho) vinavyokamata ujanja huu mapema huenda ana nafuu kidogo kuliko asiyevirithi. Nchini Marekani, utafiti wa LSOCA ulioanza kuandikisha watu wenye UKIMWI mwaka 1998 ulichunguza pia jeni, zikiwemo za CCR5, mlango ambao VVU hutumia kuingia kwenye seli, na za kipokezi cha interleukini 10, kemikali ya kinga. Hakuna hata moja iliyozaa kipimo cha kutumia kliniki. Kwa hiyo usimwagize mgonjwa kipimo cha jeni, na usimwandikie “hatari ya kurithi” kwenye kadi.

Kuna makosa mawili ya jeni tunayokutana nayo mara kwa mara. La kwanza ni kuichanganya CCR5 na CMV. Umbo la CCR5 lililokatika, linaloitwa delta 32, huziba mlango wa VVU, si wa CMV, na kwa Waafrika karibu halipo kabisa. La pili ni hatari zaidi. Tafiti za nchi zenye kipato kidogo zikijumlishwa, CMV ya retina ilionekana kwa takriban 14% ya wagonjwa waliochunguzwa Asia, na takriban 2% Afrika. Wapo wanaosoma hapo kwamba damu yetu inatulinda. Takwimu hizo hazithibitishi hivyo: mgonjwa aliyefariki kwa kifua kikuu au homa ya uti wa mgongo kabla jicho halijaguswa haingii kwenye hesabu, na yule ambaye mboni yake haikutanuliwa huandikwa mzima. Ukoo usikufanye umruke mtu.

Kinachokuambia nani akaguliwe ni CD4. Chini ya 50 hatari ni kubwa. Sisi tunakagua kila aliye chini ya 100, awe na dalili au asiwe nazo, siku ileile anapopimwa CrAg (kipimo cha fangasi wa kriptokokasi) na TB-LAM (kipimo cha kifua kikuu). Usingoje alalamike. Jicho la CMV haliumi wala haliwi jekundu, na doa likiwa pembeni mwa retina mgonjwa anasoma SMS zake vizuri tu.

Muulize kwa maneno anayoyajua: unaona vitu kama mbu au nywele vikielea? Mimweko ya taa gizani? Kuna upande uliozibwa kama pazia? Kisha mpime kila jicho peke yake kwa chati ya mita 6. Hakikisha kiganja kimeziba jicho la pili vizuri. Wengi huchungulia katikati ya vidole, na jicho bovu linapita mtihani kwa msaada wa lile zima. Angalia pia mboni zinavyoitikia tochi. Haya yote yafanyike kabla ya dawa ya matone, kwa sababu baada yake majibu hayana maana tena.

Kabla ya kutanua mboni, mulika tochi kutokea upande wa sikio, sambamba na uso. Iwapo nusu ya rangi ya jicho iliyo upande wa pua inabaki gizani, chumba cha mbele, yaani nafasi ya maji iliyo mbele ya rangi ya jicho, ni chembamba: usiweke matone, mpeleke kwa daktari wa macho. Kama chumba hicho hakina tatizo, weka tone moja la tropikamaidi 1%, na fenilefrini 2.5% kama presha iko sawa. Rudia baada ya dakika 10, ngoja jumla ya dakika 20 hadi 30. Mboni za macho meusi ya watu wetu hutanuka taratibu. Harakaharaka hapa ndiyo inayofanya uone kipande kidogo na kuandika “kawaida”. Mwambie mapema kwamba kwa saa kadhaa mwanga utamsumbua na asiendeshe bodaboda kurudi nyumbani.

Sasa kifaa. Ofthalmoskopu ya mkononi huonyesha eneo dogo la katikati tu, na CMV mara nyingi huanzia pembeni. Unahitaji ile ya kuvaa kichwani pamoja na lenzi ya mkononi ya 20D (dayopta 20). Mgonjwa alale chali, chumba kiwe giza, nawe usimame upande wa kichwa chake. Shika lenzi sentimita 5 hivi kutoka jichoni, kidole kimoja kikiegemea kwenye paji la uso ili mkono usitetemeke. Punguza mwanga. Ukiuwasha wote, atafumba kwa nguvu na utapambana na kope badala ya kuona retina. Picha inakuja juu chini, kushoto kulia, kwa hiyo chora ulichoona kwenye karatasi iliyogeuzwa kichwa chini, kisha igeuze. Mwambie atazame pande nane kama mishale ya saa, moja baada ya nyingine, na usiache hata moja eti katikati pamekuwa safi. Daktari asiye bingwa wa macho anaweza kufundishwa hili; kinachotakiwa ni mazoezi ya mara kwa mara kwenye macho mazima hadi yale yaliyougua yajitokeze yenyewe.

Unatafuta nini? Mabaka meupe yaliyochanganyika na damu, kama maziwa mgando yaliyodondoshewa matone ya damu, yakifuata mishipa, ukingo wake ukiwa na chembechembe. Maji ya ndani ya jicho huwa karibu safi, kwa sababu kinga haina nguvu ya kuleta uvimbe. Yakiwa na ukungu mzito, fikiria tokso (toksoplazma, ugonjwa wa kimelea). Vidoa vidogo vyeupe kama pamba vinavyoletwa na VVU vyenyewe havikui na hufifia wiki kadhaa baadaye. Vikikutatiza, rudia kukagua baada ya wiki mbili. Baka la CMV litakuwa limekua. Mabaka mengi ya kina yanayoenea kwa siku chache, hasa kwa aliyewahi kupata mkanda wa jeshi, ni kazi ya virusi vya varisela: hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, valgansiklovia, dawa ya CMV, peke yake haitoshi.

Ukiiona CMV, tiba ni valgansiklovia vidonge viwili vya 450 mg, yaani 900 mg, mara mbili kwa siku pamoja na chakula, kwa siku 14 hadi 21. Baadaye 900 mg mara moja kwa siku. Bila chakula dawa hainyonywi vya kutosha. Kidonge kisivunjwe wala kusagwa. Pima kreatinini kwanza: figo zikichuja 40 hadi 59 ml kwa dakika, punguza hadi 450 mg mara mbili. Baka likiwa karibu na mshipa wa fahamu wa jicho au kitovu cha kuona, mgonjwa anahitaji pia sindano ya gansiklovia ndani ya jicho; hiyo ni ya daktari wa macho, usiahirishe rufaa.

Kinachokwamisha tiba hii ni madhara yake kwenye damu. Pima picha kamili ya damu kila wiki kipindi cha mwanzo. Neutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu, zikiwa chini ya 500 usianze. Mgonjwa aliye kwenye zidovudini abadilishiwe, maana dawa hizo mbili hushambulia uboho kwa pamoja. Valgansiklovia hudhuru mimba pia: wanawake watumie uzazi wa mpango hadi siku 30 baada ya kumaliza, wanaume kondomu hadi siku 90.

ARV zianze ndani ya wiki mbili baada ya kuanza tiba ya CMV. Kinga ikipanda, jicho linaweza kuvimba na kuona kukafifia. Mgonjwa atadhani ARV zinampofusha na kuziacha. Mweleze kabla. Valgansiklovia isimame pale tu CD4 inapozidi 100 kwa miezi 3 hadi 6 na mabaka yamelala, kisha mkague kila miezi mitatu.

Hapa ndipo jeni zinarudi, ila ni jeni za virusi. Baka likiendelea kukua kwa mgonjwa anayemeza dawa sawasawa na baada ya wiki kadhaa za tiba, shuku mabadiliko kwenye UL97, jeni inayoiwasha gansiklovia (ambayo valgansiklovia hugeuka kuwa mwilini) ndani ya seli. Ikibadilika, dawa inabaki imezimwa. Foskanati, dawa nyingine ya CMV, haihitaji UL97, ndiyo maana huchukua nafasi yake, ingawa nayo ni kali kwa figo. Lakini kabla ya kulaumu jeni, hesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo na uliza kama kila dozi ililiwa na chakula.

Nyumbani, mpe kazi moja: kila asubuhi azibe jicho moja kwa kiganja na kutazama ukurasa wa daftari la miraba kwa umbali wa mkono, kisha abadilishe. Mistari ikipinda, miraba ikikosekana, au pazia likishuka ghafla, retina inaweza kuwa imeachia. Aje siku hiyo, asingoje tarehe ya kadi.