Kelele za mitambo saiti: mambo ya kuzingatia kabla kazi haijaanza

Jirani akifika getini kulalamika, umeshachelewa. Jenereta limeshafungwa mahali pake, nyaya zimevutwa, na hakuna fundi mwenye hamu ya kulihamisha. Kwa hiyo anzia kule unakokodi mashine.

Kabla ya kusaini, omba iwashwe mbele yako, na iwe na mzigo, maana kompresa isiyofanya kazi huwa pole kama kondoo. Kagua eksozi: tundu dogo la kutu linatosha kuharibu kazi yote ya sailensa. Kamata vifuniko uone kama vinacheza. Bolti zilizolegea na beringi zilizokwisha zinaweza kupiga kelele kuliko injini yenyewe. Milango ya kasha la jenereta lazima ifungike. Wengi huiacha wazi eti injini ipumue, ilhali kasha la kuzuia sauti limeundwa lipoozwe milango ikiwa imefungwa. Na kama umeme wa gridi unafika hapo, jiulize kama jenereta linahitajika kabisa.

Sasa chora ramani ya saiti. Hesabu ya desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, ina vituko vyake: mashine mbili za desibeli 90 kila moja, zikinguruma pamoja, hutoa 93. Maana yake, kuzima moja kati ya hizo mbili hukupunguzia desibeli 3 tu. Lakini ukiwa eneo la wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, tuseme kutoka mita 10 hadi 20, sauti hushuka kwa takriban desibeli 6. Basi sogeza kwanza, tena mbali na ukuta unaorudisha mwangwi kwa jirani.

Pasipo na nafasi, weka kizuizi karibu na mashine: kizito, kisicho na mianya, hata chini. Dirisha la jirani likiiona mashine, litaisikia. Rundo la mchanga au matofali ambalo ungelipanga popote linaweza kufanya kazi hiyo bure, mradi lisizibe hewa ya injini.

Vizibo vya masikio viwepo, ila vije mwisho. Kikomo cha kelele kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda kwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Huna kipimo? Ukilazimika kupaza sauti kwa mtu aliye umbali wa mkono mmoja, kuna uwezekano mkubwa umeshafika desibeli 85.

Madereva waambiwe wazime injini wanaposubiri, na kokoto zisimwagwe kutoka juu sana. Kazi ya kuvunja zege ipangiwe saa za mchana, majirani wakijua siku yake, na waachiwe namba ya simu ya mtu mwenye uwezo wa kuamuru mashine izimwe.