Kabla Hujakatwa Tumbo, Andaa Jiko na Watu wa Nyumbani

Siku ya tatu baada ya operesheni ya kupunguza tumbo ili nipungue uzito, niliruhusiwa kurudi nyumbani. Mama mdogo alikuwa amewahi kutoka Tanga kuja kuniuguza, na nilipoingia tu mlangoni nikakuta supu ya kuku wa kienyeji imeandaliwa, mafuta yanaelea juu, na chapati mbili pembeni. "Kula mwanangu, upate nguvu." Alikuwa ameamka saa kumi alfajiri kuipika. Nikashindwa hata kumweleza kwamba vile bado siruhusiwi kuvila, nikalia. Kwa miezi minne nilikuwa nimehangaika na vipimo, pesa, likizo ya kazini na ushauri wa daktari, lakini sikukaa na mama mdogo hata mara moja nikamwambia nitakuwa nakula nini.

Ndiyo maana naandika haya. Tumbo lako litaandaliwa na hospitali. Jiko na watu utakaoishi nao unatakiwa uwaandae mwenyewe, na uwaandae kabla.

Kwanza elewa utafanyiwa nini, maana watu husema tu "kukata utumbo" kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi nilifanyiwa ule upasuaji ambao daktari huondoa karibu robo tatu ya mfuko wa chakula, au zaidi kidogo, akabakiza mrija mwembamba mfano wa ndizi. Kinachoondolewa hakirudishwi. Sehemu hiyo ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo miezi ya mwanzo wengi wetu hatusikii njaa kabisa. Upo mwingine, baipasi, ambapo kunaachwa kifuko kidogo kama yai kisha kinaunganishwa na utumbo mdogo, chakula kikaruka sehemu ya njia yake ya zamani. Huo hupunguza pia kiasi cha virutubisho ambavyo mwili unanyonya, na ukila vitu vya sukari unaweza kushikwa na jasho, moyo kwenda mbio, kizunguzungu na kuharisha ndani ya nusu saa. Puto la kuwekwa ndani ya mfuko wa chakula, kama lile la hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, ni jambo jingine: linakaa kwa muda halafu linatolewa. Muulize daktari wako ni upi kati ya hiyo, kwa sababu masharti ya maisha hayafanani.

Wiki mbili kabla, wengi hupewa mlo wa masharti: wanga kidogo, sukari hakuna, protini na mboga za majani. Watu huuchukulia kama adhabu au mtihani wa nia. Sivyo. Ini la mtu mnene mara nyingi limejaa mafuta na limelala juu ya mfuko wa chakula. Daktari anafanya kazi kupitia vitundu vidogo, na ni lazima alinyanyue ini ili afike chini yake. Mlo ule hulifanya ini lisinyae. Nimeona wenzangu wakitumia wiki hizo kuaga pilau na biriani, nyumba hii leo na ile kesho, na moyo wangu huuma, kwa sababu wanamwongezea daktari ugumu mahali ambapo ugumu ni hatari kwao. Kama unavuta sigara, acha wiki kadhaa kabla na usirudie, maana sigara huchelewesha kidonda kupona na huleta vidonda vya tumbo.

Dawa zako pia. Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi lazima apangiwe dozi mpya kabla hajaingia chumba cha upasuaji, kwa sababu siku chache tu baadaye atakuwa anakula kidogo mno, na dozi ya zamani inaweza kushusha sukari hadi azimie. Dawa za presha huangaliwa upya hivyo hivyo. Na ile diklofenaki tunayoinunua duka la dawa kila mgongo ukiuma, au aibuprofeni, uliza mapema. Kwa waliofanyiwa baipasi kwa kawaida hukatazwa moja kwa moja, na mimi pia niliambiwa nikae nayo mbali. Zitoe kabisa kwenye droo, usije ukaimeza usiku kwa mazoea.

Sasa jikoni. Karatasi ya vyakula niliyopewa ilikuwa imenakiliwa kutoka nchi nyingine, imejaa majina ya jibini na maziwa ya unga ambayo sikuwahi kuyaona sokoni. Ilinibidi niitafsiri kwa vyakula vyetu. Mpangilio wenyewe ni mwepisi kuelewa: siku za mwanzo maji na supu iliyochujwa, kisha vimiminika vizito kama maziwa na mtindi mpaka kama wiki mbili, kisha vyakula vilivyosagwa, kisha vilaini, na vyakula vya kawaida kuanzia kama wiki ya sita hadi ya nane. Daktari wako anaweza kusogeza tarehe, mfuate yeye. Ndani ya mfuko wako kuna mshono mrefu unaopona, na tonge gumu la wiki ya pili linaweza kuuumiza.

Kifaa kilichonisaidia kuliko vyote ni kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono cha wauza kahawa wa barazani. Nilikipima kwa bomba la sindano: mililita 60. Lita moja na nusu ya maji, ambayo ndiyo niliyotakiwa kuifikisha kwa siku, ni vikombe 25. Nilikuwa navipiga mistari kwenye daftari, vitano vitano, na kila kikombe nakinywa kwa mafundo madogo kwa muda wa robo saa. Ukigugumia unapata maumivu kifuani na unatapika. Ni kazi ya kutwa nzima, na wengi wanaorudishwa hospitali wiki za mwanzo hurudishwa kwa sababu ya upungufu wa maji. Kwa hiyo nunua kikombe, chujio la matundu madogo, blenda kama huna, na kijiko cha kulishia mtoto. Zaidi ya hivyo usijisumbue sana.

Protini ndiyo hesabu ya pili. Mimi niliambiwa gramu 60 kwa siku zisipungue. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa kama 8, na kipande cha samaki cha gramu 50 hukaribia 12. Ukijumlisha utaona kwamba kwa mfuko mdogo kama huo hakuna nafasi ya kupoteza. Hapo ndipo uji unapotutega. Uji unateleza, haukwami, hauumi, na kila mgonjwa wa kwetu huletewa uji. Lakini uji mtupu wa dona wenye sukari unajaza nafasi yote kwa wanga. Soda ni mbaya zaidi kwa sababu ya gesi na sukari, na juisi ya miwa vilevile. Mama mdogo, tulipokwisha kuelewana, ndiye aliyepata dawa: alikaanga dagaa kavu bila mafuta, akawatwanga kwenye kinu mpaka wakawa unga, akachekecha, akawa ananiwekea kijiko kimoja kwenye supu ya choroko iliyosagwa. Mtungi wa unga ule ulikaa mezani miezi mitatu. Kama familia yako inapenda dagaa, tengeneza kabla hujaenda hospitali.

Usiku wa yai langu la kwanza naukumbuka vizuri. Ilikuwa wiki ya tano, yai limechemshwa, nimelikata vipande vinane. Cha kwanza nilikitafuna mara tatu, kama nilivyozoea tangu utoto, nikameza. Baada ya muda kidogo kikanikaa nyuma ya kifua kama jiwe, mate yakajaa mdomoni meupe yenye povu, nikawa natembea sebuleni nikiwa nimeinama. Dakika arobaini. Tangu siku hiyo natafuna mara ishirini na zaidi, naweka kijiko chini kati ya tonge na tonge, na sinywi maji wakati wa kula wala nusu saa baada yake. Jizoeze mambo haya matatu sasa hivi, ukiwa bado na tumbo lako lote. Ukisubiri baadaye utafundishwa na maumivu.

Na fikiria ugali. Sisi hatutafuni ugali, tunaumega, tunaufinyanga, tunachovya, tunameza. Mfuko mpya haupokei tonge la namna hiyo. Nyama ya ng'ombe ngumu, chapati, mkate laini na wali mkavu navyo husumbua wengi. Mimi nilirudi kwenye ugali baada ya miezi sita, vipande vya ukubwa wa punje ya korosho, na ninaula mwisho, baada ya samaki na mboga, nafasi ikibaki.

Kuhusu watu wa nyumbani nitasema kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia. Kwetu chakula ni sinia moja, mikono mitano. Anayenawa mapema anaulizwa kama amekasirika. Mgeni asipokula, mwenyeji anahisi amedharauliwa. Kaa na wenye nyumba mapema, pamoja na yule anayepika, si mume au mke peke yake. Waonyeshe kikombe. Waambie, "Hiki kikijaa, nimeshiba, na mkinilazimisha nitatapika." Omba sahani yako ndogo uwekewe pembeni, ukae nao mezani au mkekani hivyo hivyo. Kwa harusi na misiba andaa sentensi moja ambayo hutaona haya kuisema. Mimi husema, "Nina masharti ya daktari, mama, nifungie kidogo niondoke nacho." Hakuna aliyewahi kununa, kwa kuwa chakula chake nimekipokea. Wala hulazimiki kumweleza kila mtu kuwa umefanyiwa upasuaji.

Kama unafunga Ramadhani, pangilia tarehe ya operesheni iwe mbali na mwezi huo, na usifunge mpaka daktari akuruhusu. Vikombe 25 haviingii kati ya futari na daku kwa mtu ambaye mfuko wake haujapona.

Vidonge vya vitamini ni vya maisha yote, kwa hiyo nenda duka la dawa ukaulize bei ya mwezi mmoja, uizidishe kwa 12, uone kama bajeti yako inabeba. Kwa kawaida ni mchanganyiko wa vitamini, B12, madini ya chuma, na kalsiamu pamoja na vitamini D. Chuma na kalsiamu usivimeze pamoja, viachanishe saa mbili, na chuma usikishushie chai. Panga pia kupimwa damu mara kwa mara mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Nywele huenda zikapukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Kwa wengi zinarudi, ila ni vizuri kujua kabla hazijaanza kubaki kwenye kitana. Mwanamke ajue kwamba uzito ukishuka mimba huingia kwa urahisi zaidi, hata kwa aliyehangaika miaka, na madaktari hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki sana baada ya baipasi, kwa hiyo zungumzia njia nyingine mapema.

La mwisho kuandaa ni karatasi ya kubandika kwenye friji, iandikwe kwa mwandiko mkubwa, isomwe na kila anayeishi na wewe, hata binti wa kazi. Yangu ilisema hivi: homa, moyo kwenda mbio zaidi ya mapigo 120 kwa dakika hata nikiwa nimekaa, maumivu ya tumbo yanayozidi au yanayopanda bega la kushoto, pumzi kukata, mguu mmoja kuvimba na kuuma, choo cheusi kama lami, kutapika hata maji. Chini yake niliandika: lolote kati ya haya, hospitali saa hiyo hiyo, tusisubiri asubuhi. Na kuhusu kutapika niliongezea mstari: nikitapika siku mbili mfululizo, mwambieni daktari kuhusu vitamini B1, kwa sababu ikiisha mwilini huharibu mishipa ya fahamu, macho na mwendo. Pembeni kulikuwa na namba ya wodi, namba ya daktari, na namba ya dereva wa teksi wa mtaani kwetu ambaye nilikuwa nimeshamuuliza kama anapokea simu saa nane usiku.