Kabla hujampa mpangaji funguo, piga video kwanza

Wenye nyumba za kupangisha nisikilizeni hapa, ugomvi mwingi wa deposit, ile hela ya dhamana anayoweka mpangaji akiingia, pale anapohama unatokana na kitu kimoja tu, hakuna ushahidi nyumba ilikuwaje siku anaingia. Yeye anasema sinki lilikuwa limepasuka tangu zamani, we unasema lilikuwa zima, na hapo hata mkienda mbele ya sheria ni neno lako na neno lake.

Sasa fanya hivi, siku ya kukabidhi funguo zungukeni wote wawili, chumba kwa chumba, simu inarekodi. Fungua bomba zote, flashi choo, washa kila taa, fungua na ufunge milango na madirisha, onyesha kuta, dari, na chini ya sinki maana huko ndo maji huvujia kimyakimya. Mita ya umeme na ya maji zipige picha namba zisomeke vizuri. Halafu, na hapa ndo wengi wanapazembea, mtumie mpangaji hiyo video siku hiyohiyo kwenye simu yake ili tarehe ibaki kwake na kwako, andikeni na karatasi ya kasoro zilizopo, msaini wote, kila mtu abaki na kopi.

Na wewe mpangaji, mwenye nyumba asipofanya, fanya mwenyewe umtumie, deposit ni hela yako hiyo. Siku ya kuhama mnazunguka tena na karatasi ileile mkononi. Na we mwenye nyumba, rangi kufifia tu kwa kukaa usimkate mtu deposit yake, huo ni uchakavu wa kawaida.