Chuo cha nyumbani au cha mbali? Piga hesabu kabla ya kuthibitisha

Umechaguliwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT) hapo kwenu Mwanza na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) pia? Usiingize namba ya uthibitisho ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwanza. Linganisha kozi, somo kwa somo, kisha gharama za mwaka mzima, si ada pekee.

Dar, ukikosa hosteli, wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi 3 hadi 6 kwa mkupuo. Ongeza godoro, jiko la gesi, ndoo mbili na nauli ya basi. Boom (fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi) likichelewa ndipo wengi hukwama. Tenga hela ya chakula cha wiki 6.

Nyumbani nako kuna gharama zisizoandikwa: daladala kila asubuhi, na kutumwa dukani usiku wa kuamkia mtihani. Kubaliana mapema na wazazi saa za kusoma.