Hatua za kukata rufaa ya gredi za GCSE na A-level: kwa wazazi tulio Uingereza

Matokeo ya A-level (mitihani ya miaka kama 18) hutoka Alhamisi ya katikati ya Agosti, ya GCSE (mitihani ya miaka kama 16) wiki moja baadaye. Wazazi wengi wa kwetu wakiona gredi mbaya hunyamaza, wakidhani kilichotangazwa kimetangazwa. Sivyo. Njia ipo, ila ina masharti na muda wake ni mfupi. Ninaeleza utaratibu wa England. Scotland wana mfumo wao.

Kwanza, tazama alama. Shule inazo alama za kila karatasi, na bodi za mitihani kama AQA, OCR na Pearson huchapisha mipaka ya gredi siku hiyohiyo. Aliyekosa gredi ya 7 ya GCSE kwa alama mbili ana sababu ya kuendelea. Aliyepungukiwa alama ishirini, afadhali afikirie kurudia mtihani.

Pili, ombeni nakala ya karatasi ya majibu. Hatua hii nawasihi msiiruke. Mwalimu wa somo aisome sambamba na mwongozo wa usahihishaji. Tangu 2016 Ofqual, chombo kinachosimamia mitihani England, kinataka alama ibadilishwe pale tu penye kosa: jibu sahihi limenyimwa alama, ukurasa umerukwa, jumla imekosewa. Msahihishaji wa pili haruhusiwi kuongeza alama kwa sababu tu yeye ni mkarimu zaidi. Mtoto kusoma usiku na mchana, hata kama ni kweli tupu, hakuongezi kitu hapa. Mwalimu akisema "swali la 4, hoja ya tatu imo kwenye mwongozo na haikupewa alama," hapo pana kesi.

Tatu, chagueni huduma. Kuna kuhakiki ujumlishaji wa alama peke yake, na kuna kupitiwa upya usahihishaji wote. Anayepeleka ombi ni shule, kupitia ofisa wa mitihani. Bodi haipokei barua ya mzazi. Mtoto lazima atoe ridhaa kwa maandishi, kwa kuwa gredi inaweza kupanda, kubaki au KUSHUKA. Msisaini kabla hajalielewa hilo. Ada hutozwa kwa kila karatasi, na gredi ikibadilika hamtozwi. Dirisha la kawaida hufungwa mwishoni mwa Septemba.

Nne, rufaa yenyewe. Majibu yasiporidhisha, shule ina siku 30 za kukata rufaa kwa bodi, na hapa ndipo hoja huandikwa. Baada ya bodi kuna Ofqual, ambao huangalia kama taratibu zilifuatwa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Binti yangu alipewa nafasi ya uuguzi kwa sharti la B, kapata C. Chuo kitamsubiri?*

Marahaba, dada. Apige simu chuoni leo hii, yeye mwenyewe, maana wanataka kuzungumza na mwanafunzi. Awaambie anaomba mapitio, awaulize kama watamshikia nafasi. Kisha shule iombe mapitio ya haraka: dirisha lake hufungwa kama wiki moja tu baada ya matokeo, na majibu hutakiwa ndani ya siku 15. Masharti ya vyuo hutakiwa kutimizwa kufikia 31 Agosti. Gredi ikipanda baada ya hapo, chuo kinaweza kumsogeza mwaka unaofuata.

*Shule imegoma kupeleka ombi. Tufanyeje?*

Kila shule inatakiwa kuwa na utaratibu wa maandishi wa kupinga uamuzi kama huo. Ombeni nakala yake, na muombe sababu za kukataliwa kwa barua pepe, si kwa mdomo. Fanyeni hivyo kesho, siku hazisubiri.

*Kijana wangu alikuwa na homa kali siku ya hesabu. Niiandike kwenye rufaa?*

Hapana, ndugu yangu. Mapitio huangalia usahihishaji tu. Ugonjwa una ombi lake, na shule hulipeleka wakati wa mitihani. Muulize ofisa wa mitihani kama lilipelekwa, na kwa karatasi ipi.