Tazama miguu ya lainibeka kwanza

Ukichambua lainibeka wa vyuo (mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele ya ulinzi) kabla ya drafti ya NFL, pale timu za ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya, usianze na idadi ya watu aliowaangusha. Simamisha video sekunde moja baada ya mpira kuanzishwa, utazame miguu yake tu: imeelekea mpira unakokwenda, au imeganda? Mbio za yadi 40 kwenye majaribio ya kabla ya drafti, Indianapolis, hazipimi hilo. Lainibeka Zach Thomas, mfupi kwa nafasi ile, alisubiri hadi raundi ya 5 ya drafti ya mwaka 1996. Leo yumo Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli, Canton.

Kipimo hiki hudanganya kwenye michezo ya kukimbia-au-kupasi, ambapo kwotabeki (mrusha pasi) huamua mpira ukishaanzishwa kama atampa mkimbiaji au atapasi. Chuoni wazuiaji wa timu yenye mpira huruhusiwa kusogea yadi 3 mbele kabla ya pasi, NFL yadi 1, hivyo kijana akihadaika kudhani ni mbio usimkate alama nyingi. Na kama kocha alimtuma amvamie kwotabeki, ruka hiyo video.